Jukwaa huru au slam?

Jukwaa huru la mashairi (open mic) halina makuu: fika mapema, andikisha jina, subiri zamu. Kusoma kwenye simu ni ruksa. Shairi bichi lipeleke huko.

Slam, yaani shindano la kughani mashairi jukwaani, iliyoota mizizi katika klabu ya Green Mill, Chicago, mwaka 1986, ni ngumu zaidi. Kwa kawaida majaji 5 huteuliwa kutoka kwa hadhira, kila mmoja akitoa 0 hadi 10. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, hivyo kilele ni 30. Una dakika 3 na sekunde 10 za msamaha, kisha nusu alama hukatwa kila sekunde 10. Wengi hukwama hapa: mazoezini hawakuhesabu vicheko na makofi. Lenga dakika 2 na nusu. Anayefungua huonewa kidogo, maana alama hupanda kadiri usiku unavyosonga.