Warsha ya hofu na mgogoro katika hadithi, Mwanza: asubuhi inalipa, mchana unadorora

Ukumbi uko upande wa Capri Point, viti vya plastiki, feni zinazunguka zikitaka. Hayo yavumilike. Zoezi la asubuhi peke yake linatosha kumfanya mwenye rasimu iliyokwama alipie kiingilio bila kujuta.

Kila mshiriki anapewa nusu karatasi ajibu mambo matatu: mhusika wako anaogopa kupoteza nini, atafanya nini ili asikipoteze, na nani ataumia kwa hicho atakachofanya. Swali la tatu ndilo linalowatoa watu jasho. Wengi huanza na "anaogopa dhoruba" (ziwa liko dirishani, utegemee nini?), kisha kalamu inasimama. Dhoruba haina ugomvi na mtu. Ikimpiga mhusika, atapona au atazama, basi. Hiyo ni hatari, mgogoro bado haujaanza.

Mfano wa mwezeshaji unatoka mwaloni Kirumba, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na ni mzuri kwelikweli. Tajiri wa mtumbwi wa dagaa ana mkopo, anaogopa nyumba yake kupigwa mnada. Nahodha anajua mbao za chini zinavuja, pamba iliyoziba nyufa imeoza, na anaogopa kuzamisha vijana wa watu. Wote wawili wana haki. Halafu kinawekwa kikomo: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Giza limebakiza siku tatu. Hapo huhitaji jini wala mchawi, kwa kuwa kila linalompa ahueni mmoja linamsogeza mwenzake karibu na kile anachokihofia.

Kipengele cha majibizano nacho kimeshikwa vizuri. Kosa la kawaida ni nahodha kutamka, "Tajiri, mimi naogopa." Akishatamka, msomaji hana la kusubiri. Rasimu iliyorekebishwa inamweka alfajiri akichota maji ndani ya mtumbwi uliofungwa ufukweni, huku akihesabu makopo kimoyomoyo. Tajiri anauliza, "Mafuta yanatosha?" Naye anajibu, "Yanatosha, tajiri, ila taa moja haiwaki." Taa ni nzima. Amesingizia taa kwa sababu vijana wanasikiliza, na uongo huo mdogo utamrudia usiku watakapolazimishwa kutoka.

Baada ya chakula mambo yanalegea. Muda mwingi unaliwa na orodha ya aina za hofu: urefu, giza, nyoka. Mwandishi hana kazi nayo. Kuna pia kanuni kwamba mhusika lazima aishinde hofu yake mwishoni, na hiyo tunaikataa. Nahodha anaweza kuitii hofu yake, agome kutoka, afukuzwe kazi, na hadithi ikasimama imara kabisa. Jambo la mwendo halikuguswa: ukimkaza msomaji kurasa kumi mfululizo anazoea, hofu inakufa ganzi. Katikati panahitaji pumziko, hata mzaha wa wachuuzi wanaoanika dagaa, ili pigo linalofuata limkute amelegea.

Usomaji wa kazi za washiriki ni wa kukimbizana, wengine hawafikiwi kabisa. Ukienda, beba tukio moja la kurasa mbili, lililochapwa, lenye watu wawili wanaotaka vitu visivyopatana, na uombe nafasi ya kusoma kabla ya saa sita. Anayeanza kuandika leo asubiri kwanza awe na rasimu. Chai na maandazi vimo kwenye kiingilio, chakula cha mchana unajinunulia.