Nakala ya picha ya Louis XIV: rangi safi, ila wamekata miguu

Naishi kwa kuchora sura za watu, na kwa muda mrefu nilitamani kupata nakala nzuri ya picha ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, ile aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, niitundike ninapofanyia kazi. Mwezi uliopita nikaiagiza kwenye duka moja la mtandaoni. Ilifika baada ya siku tisa, ndani ya bomba gumu la karatasi, haina hata kona iliyopinda. Karatasi ni nzito. Buluu ya joho la mahameli imetoka vizuri, na maua ya yungiyungi ya dhahabu yanahesabika moja moja. Hadi hapo sina neno.

Nilipoikunjua yote, miguu hakuna. Wamekata kuanzia magotini ili picha iwe mraba, sentimita 50 kwa 50. Picha yenyewe, iliyoko kwenye makumbusho ya Louvre mjini Paris, ina urefu wa sentimita 277 na upana wa 194, kwa hiyo yangu, kwa upana wa 50, ilitakiwa kufika urefu wa kama 71.

Mniwie radhi nikilishikilia hili, maana kazi yote ya Rigaud inasimama kwenye miguu ile. Louis alikuwa na miaka 63, na 58 kati ya hiyo alikuwa mfalme. Usoni mchoraji hakumficha: mashavu yameanguka, mdomo umeingia ndani kama wa mtu aliyepoteza meno. Ukishuka chini, joho limerushwa begani makusudi, na unakutana na miguu ya kijana, soksi nyeupe za hariri zimembana, viatu vya visigino vyekundu, mguu mmoja umetangulia kama wa mcheza dansi. Na dansi aliijua kweli. Mwaka 1653, akiwa na miaka 14, alicheza jukwaani amevaa kama jua. Uzee uko juu, nguvu iko chini, na vyote ni vya mtu mmoja. Wateja wangu wakitaka kuonekana wakubwa huniomba nifute mikunjo. Mfalme huyu aliiacha, na bado anakutazama kutoka juu.

Kilichosalia bado kinafundisha. Fimbo ya enzi ameishika kichwa chini, ameiegemea kama mkongojo wa matembezi. Taji hakulivaa, limewekwa pembeni kwenye mto. Picha iliagizwa kwa ajili ya mjukuu wake, Felipe V, aliyekuwa ameanza kutawala Hispania, lakini Louis aliipenda mno akabaki nayo, akaagiza ichorwe nakala.

Muuzaji amenirudishia nusu ya fedha bila ubishi. Rangi naipa tano, ukataji naupa moja. Kabla ya kulipa, omba wakutumie picha ya nakala nzima, kisha linganisha vipimo.

Yangu sijaitupa. Nimebandika karatasi chini yake na naikamilisha miguu kwa penseli. Nimeanza na visigino.