Nyumba ya kwanza ya kitoto cha kobe: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kitoto cha kobe wa maji akitoka yaini ana urefu wa sentimita tatu hivi. Ukimweka kiganjani, nafasi inabaki. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika akachukua kibakuli. Lakini kobe yule mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, anayeuzwa kuliko wote, jike lake hufika sentimita 25 na zaidi, na akitunzwa huishi miaka zaidi ya 20.

Nimepanga vyombo vinne kwa swali moja tu: ukishakilipia, pesa ya taa inabaki?

1. Kontena kubwa la plastiki, lita 80 hadi 100. Ndiyo, lile la kuhifadhia nguo. Halina urembo, na wageni watakuuliza kwa nini umemfungia mnyama kwenye sanduku. Ila ni rahisi, jepesi, halipasuki, na kuta zisizopitisha macho humtuliza kitoto mwoga. Angalia tu taa ya joto isikaribie ukingo, plastiki itayeyuka.

2. Tangi la kioo, lita 80 au zaidi. Zuri, kama mfuko unaruhusu. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo meza ya kuyumba haifai. Chagua lililo pana kuliko lililo refu kwenda juu. Maji yenyewe yawe na kina kisichopungua upana wa gamba, ili kobe akipinduka aweze kujigeuza.

3. Seti ya tangi la lita 40. Kwa miezi ya mwanzo inatosha, kisha utanunua tena. Taa ya kwenye seti mara nyingi ni ya mwanga tu, haitoi UVB, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Soma boksi.

4. Kibakuli chenye kisiwa na mnazi wa plastiki. Usinunue, hata kwa zawadi. Maji yake huchafuka upesi, na hakuna pa kuweka chujio wala hita.

Sasa taa, ambayo kwangu ni muhimu kuliko chombo. Bila UVB kobe hatengenezi vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu ya chakula haimsaidii. Kitoto wangu wa kwanza nilimweka dirishani, jua likimpiga kila asubuhi, nikajiona mjanja. Kumbe kioo huzuia karibu UVB yote. Gamba likaanza kulegea, likibonyea kama kadibodi iliyolowa, na pesa niliyookoa kwenye taa ikaenda yote kwa daktari wa mifugo.

Nunua ya tyubu ndefu kuliko balbu fupi ya kujipinda, maana mionzi yake huenea vizuri zaidi. Ibadilishe kila miezi 6 hadi 12 kulingana na aina. Mwanga hubaki, UVB hufifia kimyakimya. Kando yake weka balbu ya joto, mahali pa kuotea jua pafike nyuzi 32 hadi 35, huku hita ikishikilia maji kwenye 26 hadi 28. Kipimajoto si anasa.

Chujio: la sponji, kwa sababu mkondo mkali humchosha mwogeleaji mchanga. Changarawe ndogo ziache, atazimeza. Kamba wakavu vilevile si chakula kamili. Chukua chakula cha punje cha kobe wachanga.

Na kabla hujalipia kobe mwenyewe, mgeuze. Ukiona kifuko cha kiini cha yai bado kimening'inia tumboni, hajawa tayari kuuzwa. Anatakiwa akae siku kadhaa juu ya karatasi laini yenye unyevu mpaka kifyonzwe, na hahitaji kulishwa. Ukimrudisha, nawa mikono kwa sabuni: kobe hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima kabisa. Chombo chake pia kisioshewe kwenye sinki la jikoni.