Tairi za skeiti za hoki: laini 76A au ngumu 84A kwa sisi wa Kigoma?

Wadau wengi mnaniuliza mchukue zipi, mi nimezivaa zote mbili. Ile namba yenye A ni ugumu wa poliurethani yake, yaani ile plastiki iliyotengenezea tairi, namba ikipanda tairi inakuwa ngumu zaidi. 76A ni za sakafu nyororo ya ndani, na ukumbini aisee zinang'ata, unakata kona kali mguu hauchomoki, ukitaka kusimama unasimama palepale. Sasa toka nazo hapa Mwanga ushuke Ujiji, lami imejaa kokoto na jua la saa nane, wiki tatu tu zangu zilishaliwa upande wa ndani zikabaki zimelala kama kisigino cha ndala ya zamani, iliniuma sana. 84A zinadumu mno kwenye lami, ila sakafu ikiwa na vumbi zinateleza vibaya, na mtetemo unausikia mpaka magotini. Kwa kuwa sisi karibu siku zote tunacheza nje, chukua 84A, na kila baada ya mechi kadhaa zigeuze upande, za mbele zirudi nyuma. Mwenye hela ya seti mbili, 76A aziweke za ukumbini tu.