Sanamu za vinili za michezo ya kale ya Disneyland: zipi zitadumu kidakani Lamu

Uzuri wa sanamu hizi, zinazoiga michezo ya kupanda ya Disneyland, bustani ya burudani ya Marekani, hauna ubishi. Kwa mnunuzi wa Lamu, cha kuangalia kwanza ni miguu. Vinili ni plastiki ya PVC iliyotiwa dawa ya kuilainisha, na chumba cha mabati kikipata jua la Kaskazi, plastiki hiyo hulegea. Sanamu ya kawaida ya Funko Pop, chapa maarufu ya sanamu za vinili, ina urefu wa sentimita 9.5 hivi, na uzito wake mwingi uko kichwani. Kichwa kikubwa juu ya miguu myembamba, siku baada ya siku kwenye joto, huishia kuinama kama mnazi wa ufukweni. Ndiyo maana hapa tunazipima kwa jinsi zinavyosimama kabla ya kutazama rangi.

Tuanze na mizuka ya Haunted Mansion, jumba la mizuka ambalo wageni hulipitia ndani ya vigari, kwa sababu ndiyo inayotafutwa zaidi. Jumba lenyewe lilifunguliwa Disneyland, California, tarehe 9 Agosti 1969, ingawa nje lilikuwa limekamilika tangu 1963 likakaa miaka yote hiyo bila mgeni kuingia. Mwisho wa safari, mizuka watatu, Ezra, Gus na Phineas, hunyoosha dole gumba wakiomba lifti, kisha kioo humwonyesha abiria kwamba mmoja wao ameshapanda naye. Sanamu zao zimeunasa utani huo vizuri sana: ukiziweka tatu pamoja, vidole vyote vitatu vinamwelekea anayeingia chumbani. Kununua mmoja peke yake ni kuharibu mchezo. Ila ni sanamu za kusimama kwa miguu miwili, na rangi zao hafifu huonyesha umanjano mapema zikipigwa na jua. Ziwekwe mbali na dirisha, bila mjadala.

Hatbox Ghost, mzuka mwingine wa jumba hilo, ana historia tamu kuliko wote. Kichwa chake kilitakiwa kitoweke mabegani na kuonekana ndani ya boksi la kofia aliloshika. Hila hiyo haikufanya kazi ipasavyo, akaondolewa muda mfupi baada ya ufunguzi wa 1969, na hakurudi hadi 2015. Tatizo la sanamu yake ni fimbo. Kila kitu chembamba cha vinili, iwe fimbo, mkia au mpini, ndicho cha kwanza kupinda. Mwombe muuzaji picha ya ubavuni, si ya mbele tu.

Kwa pwani yetu, zinazostahili pesa zaidi ni zile zinazokaa ndani ya chombo. Mickey kwenye kigari cha Matterhorn, au Minnie juu ya Dumbo, tembo arukaye, hana miguu ya kubeba kichwa. Uzito wote umelala kwenye kitako kipana. Matterhorn halisi, mlima wa kutengenezwa wenye urefu wa mita 45 hivi, ulifunguliwa 14 Juni 1959 na ndio ulioanzisha reli za mabomba ya chuma katika michezo ya vigari vya kasi. Ukipata nafasi ya kununua kitu kimoja tu, nunua kigari.

Vinylmation, sanamu nyingine za Disney zilizoanza 2008, ni jambo jingine. Nyingi zina umbo moja la Mickey, sentimita 7.6 kwa ile ya kawaida, na tofauti ni rangi tu. Miguu minene, hazitikisiki. Lakini michoro ya bapa haiwezi kushindana na mchongo, na nyingi ziliuzwa kwenye boksi lililofungwa bila kujua iliyomo. Kulipia usafiri hadi Lamu kwa bahati nasibu si busara. Tafuta iliyokwisha kufunguliwa.

Sasa kidaka, yaani tundu la ukutani la kuwekea vitu. Zidaka za nyumba za mawe zilijengwa kwa ajili ya vitu vya kuonyesha, sahani za kaure hasa, na sanamu ya sentimita 10 hukaa humo kama iliyopimiwa. Kasoro ni kwamba kaure haidhuriki na ukuta, vinili hudhurika. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu, kisha hutoa shura, ule unga mweupe wa chumvi. Shura ikiingia kwenye mikunjo ya rangi huacha ukungu usiotoka kwa kitambaa. Kata kipande cha kioo au kigae kilingane na sakafu ya kidaka, sanamu isimame juu yake, na uache nafasi ya sentimita 2 kati yake na ukuta wa nyuma. Usiiweke moja kwa moja juu ya mbao zenye vanishi wala juu ya plastiki nyingine: dawa ya kulainisha hutoka polepole na kuzishikanisha, na ukiibandua, rangi ya nyayo hubaki chini. Nyumba ya makuti ina baridi nzuri, ila vumbi la makuti na uchafu wa mijusi hudondoka kila siku, kwa hiyo huko weka kifuniko cha akriliki chenye upenyo wa hewa.

Sanamu ikinata mkononi, hiyo ni dawa iliyopanda juu. Osha kwa maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha ikauke kivulini. Spiriti na asetoni zisikaribie. Zinaondoa rangi kabla hujashtuka.

Iliyoinama hunyooshwa hivi. Pasha maji yafike nyuzi 70 hivi, yaani moto usioweza kuvumilia mkono lakini hayajachemka. Tumbukiza miguu peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Itoe, inyooshe kwa kuizidisha kidogo upande wa pili, na bila kuiachia, izamishe kwenye maji ya barafu kwa dakika nzima. Wanaoshindwa mara nyingi huiachia mapema: vinili vya moto hukumbuka umbo la mwisho vilimopolea, na vikipoa mezani vimelegea, vitapoa vimepinda. Wengine huchemsha maji kabisa, na hapo rangi huvimba. Maji yakiingia ndani kupitia tundu la nyayo, kamua na uisimamishe kichwa chini usiku kucha.

Boksi lina thamani yake kwa anayetaka kuuza baadaye. Lihifadhi kwenye kasha la PET, plastiki isiyotiwa dawa ya kulainisha, kamwe si la PVC, na vipakiti viwili vya silika vya kunyonya unyevu, vya gramu 5. Wakati wa masika kagua kila wiki. Kona za chini ndizo huanza kuvimba.

Kabla ya kulipa, linganisha namba iliyochapwa chini ya boksi na ile iliyo kwenye nyayo au shingo ya sanamu ya Funko. Zisipolingana, au kwenye sanamu hakuna namba, acha. Bandia hujulikana pia kwa maandishi ya boksi yenye kingo za ukungu, na rangi nzito iliyovuka mstari wa macho.

Mzigo ukitoka Mombasa au Malindi kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, mwombe muuzaji aufunge kwa nailoni kabla ya katoni, si baada, na aache sentimita 5 za karatasi kila upande. Buti la basi ni la moto, na boti ya kuvuka hurusha maji ya chumvi. Ukifika nyumbani, usifungue papo hapo: acha katoni ipoe kivulini saa kadhaa ndipo uitoe sanamu, maana ikishikwa kiunoni ingali moto, hupindia mkononi mwako.