Rangi za diorama: ipi ununue mwanzo, ipi uiwache dukani (kwa tulioko Unguja na Pemba)

Juzi kanijia kijana mmoja wa mtaani kwetu Kikwajuni na mfuko wa vichupa vya rangi kumi na moja, vile vidogo vya mililita 17, kaletewa na shangazi yake kutoka Muscat, na mkono mwengine kabeba ubao wa plaiwudi ukubwa wa sinia la biriani, juu yake kilima kakijenga kwa stairofomu na jasi, kazuri kweli kile kilima. Ananambia, "Ami, kahawia imeniishia." Natizama, nusu ya kilima imepakwa, nusu nyeupe kama ukuta mpya. Vichupa vitatu vya kahawia vyote vimekwenda kwenye udongo, udongo! Kitu ambacho angepaka kwa rangi ya kuokota.

Basi nimeona niandike hapa kwa sababu si yeye peke yake, kila anaeanza hii kazi ya diorama, yaani kutengeneza vimandhari vidogo, anaangalia video za nje, anaona mtu ana shelfu zima la vichupa, na yeye anaanza kutafuta vichupa. Mie nilianza na treni ya Bububu, ile iliyoanza 1905 ikitoka mjini ikipita katikati ya majumba, nkatengeneza kipande cha njia na ukuta wa Mji Mkongwe kwa skeli ya 1:72, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara sabini na mbili, na kosa hilo hilo nlilifanya. Kwenye diorama sehemu kubwa ni ardhi, mawe, kuta na maji. Watu na vyombo ni kidogo tu. Sasa hela yako ndogo unaipeleka wapi?

NAMBA MOJA kwangu mie, na sishindani na mtu: rangi ya maji ya ukutani ile isiyong'aa, pamoja na oksaidi ya sakafu.

Najua utacheka. Ile oksaidi ya unga, nyekundu na nyeusi na njano, ambayo bibi zetu sakafu zao zikipakwa zikawa zinateleza. Oksaidi ile nyekundu na njano kwa asili ni chuma na kutu, yaani ni kitu kile kile kinachoufanya udongo wetu uwe mwekundu, ndo maana rangi yake inakubali. Haififii na jua, na hata ukiichanganya na chokaa haibadiliki, tofauti na rangi nyengine ambazo chokaa inazila. Unachukua rangi nyeupe ya maji, unatia oksaidi kidogo kwa ncha ya kijiko, unakoroga, umeshapata udongo. Pakiti moja ndogo utaitumia mpaka uchoke.

Ila usiitie nyekundu peke yake. Ikitoka hivo hivo kwenye pakiti inakuwa tofali, haiwi kinongo, yaani ule udongo wetu mwekundu. Kinongo cha huku Unguja upande wa magharibi, na vile vilima vya Pemba vya mikarafuu, ni nyekundu iliyotiwa njano halafu nyeusi kiduchu sana, na pale panapopita watu, kwenye njia, inapauka. Nenda kachukue udongo wenyewe uuweke kwenye kisahani mbele yako wakati unachanganya, si kwa kukumbuka, kichwa kinadanganya sana kwenye rangi.

Na uwanda, ile ardhi yetu ya mawe mawe, ndo watu wengi wanaharibu. Video za wenzetu wanapaka mawe ya nchi zao, kahawia na ukungu wa kijani, mtu anakwenda kupaka hivo hivo jiwe la Makunduchi. Yakhe, jiwe letu ni la matumbawe! Likikaa mvuani miaka linakuwa kijivu cha kuelekea weusi, lina matundu na ncha kama meno, na likivunjwa karibuni ndani ni jeupe la maziwa. Kwa hiyo anza na kijivu cheusi kabisa, iwache ikauke, kisha chukua brashi iliyochakaa, chovya rangi ya kijivu nyeupe, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, ndo upitishe juu juu. Inashika kwenye ncha tu, mashimo yanabaki na giza. Mwisho krimu kidogo sana kwenye kingo. Hii njia ya brashi kavu ndiyo nusu ya kazi yote ya mandhari, na rangi ya ukutani inaifanya vizuri kuliko rangi ya bei kubwa, kwa sababu ni nzito na haina mng'aro.

Ukuta wa Mji Mkongwe nao hivo hivo, nyeupe yenye njano kidogo, halafu maji meusi yaliyochujuka unayateremsha kutoka juu kufuata njia ya mvua, chini ya madirisha na mabomba. Ukuta mweupe msafi haupo mjini, labda wa hoteli iliyofunguliwa juzi.

Kasoro zake zipo. Chembe zake ni kubwa, ukipaka nzito inaziba vijitundu vyote ulivyochonga, kwa hiyo ichanganye na maji upake mara mbili nyepesi. Unga wa oksaidi usiuvute puani, jifunge kitambaa unapoufungua, na usifanye kazi hiyo karibu na nguo zilizoanikwa, mie kuna kanga ya mama watoto mpaka leo ina doa na mpaka leo naambiwa. Kubwa zaidi ni kwamba kopo dogo kabisa dukani kwa kawaida ni lita moja, na wewe unataka kikombe. Dawa yake ni fundi rangi. Kila mtaa una fundi rangi na hakuna fundi rangi asiyekuwa na makopo yaliyobakia robo, mwambie akumiminie kwenye chupa ya jemu, wengine hata hela hawachukui.

Halafu jihadhari na maandishi ya kopo. Mie nshauziwa kopo limeandikwa halina mng'aro, nkaenda kupaka kilima kizima usiku, asubuhi kinang'aa kama paja la kuku lililopakwa mafuta. Duka silitaji, na pengine hata wao hawakujua. Tokea siku hiyo naomba nipake kidole kimoja kwenye kipande cha boksi, naenda kununua vitu vyengine, nikirudi kimekauka nakiinamisha kwenye mwanga. Kikimeta, nakiwacha.

NAMBA MBILI: akriliki za tyubu, zile za wanafunzi wa sanaa, unazipata kwenye maduka ya vifaa vya skuli na ofisi mjini, na kama hazipo mtu anaepanda boti kwenda Dar mwambie apite Kariakoo. Hizi unazihitaji kwa sababu oksaidi zile tatu hazikupi kijani wala buluu. Chukua buluu mbili, moja ya kuelekea kijani na moja nzito, njano moja, kijani kimoja, nyeupe tyubu kubwa. Basi. Seti ya rangi ishirini na nne inapendeza kwenye picha lakini nusu yake ni waridi na zambarau za kukauka ndani.

Kijani cha tyubu usikipake kama kilivyo, hakuna mti wenye rangi ile. Kitie oksaidi njano kwa ajili ya mnazi, kitie nyeusi na nyekundu kidogo kwa mkarafuu, na mkarafuu majani yake machanga ni mekundu ya kupauka, ukitia hayo vidoti vichache juu kila Mpemba atajua mti gani bila ya kuuliza. Mikoko kijani kizito, na chini yake tope la kijivu cheusi, si kahawia.

Bahari ndo raha yake hapa. Pwani kama ya Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa, mchanga mweupe, vidimbwi, vijiti vya mwani (kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku 1989, kwa hiyo ukitengeneza Paje ya zamani kuliko hapo vijiti usivitie, kuna mjuzi atakusuta). Anza na mchanga mweupe wa krimu ubao mzima mpaka ndani ya maji, halafu ile buluu ya kijani iliyochujuka kwa maji, nyembamba sana, kisha tena, kisha tena, kila safu ikauke, unavyokwenda mbali na ufukwe unaongeza, mwisho kabisa buluu nzito penye mkondo. Ukipaka buluu moja kwa moja unapata bwawa la kuogelea. Juu ya hapo ndo sehemu pekee ya diorama ambapo mng'aro unatakiwa, vanishi ya maji inayong'aa, mara tatu nne.

NAMBA TATU vile vichupa vya hobi, kama vya yule kijana, na hapa najua nawaudhi watu. Ni rangi nzuri, sisemi uongo, chembe zake laini, ukipaka jicho la mtu wa sentimita mbili na nusu linakaa. Lakini ni za watu, wanyama, misumari ya shaba ya mlango, ukingo wa kanga. Nunua vinne au vitano tu: maji ya rangi yale meusi yaliyokwisha chujuliwa kwa kuingiza kivuli kwenye mikunjo, rangi moja ya shaba, kahawia mbili tatu za ngozi. Hapo angalia, kichupa kilichoandikwa rangi ya ngozi mara nyingi ni ngozi ya Mzungu, wewe chukua kahawia.

Katika hizo, Vallejo ya Hispania inakuja kwa chupa ya kudondosha na Citadel ya Uingereza inakuja kwa kikopo cha kufunua kifuniko. Kwa joto letu chukua ya kudondosha. Kikopo ukikisahau wazi nusu saa na feni inapiga, kimeshaanza kufanya ngozi juu. Tamiya ya Japani zile za vichupa vya mililita 10 ni nzuri ila ina spiriti ndani, inanuka, na ukiichujua kwa maji matupu inaweza kukusumbua, inataka thina yake wenyewe. Na ukiagizia kwa mtu anaekuja na ndege agizia za maji tu, rangi za spree na za mafuta ya kuwaka haziruhusiwi kwenye mizigo, usimtie shangazi wa watu matatani uwanjani.

Namba nne posta kala za watoto. Rahisi, hazing'ai, zipo kila duka. Tatizo lake haikauki ikafa, ukija kupitisha maji ya rangi juu yake inaamka tena na kuchanganyika, kazi yote inakuwa uji. Ukiitia gundi nyeupe ya mbao kidogo inatulia. Na jua linaila. Kama ni kazi ya skuli ya kupeleka Jumatatu, nunua, hakuna atakaekulaumu.

Namba tano spree. Nilikuwa na kilima cha stairofomu, wiki mbili nakichonga kwa kisu cha jikoni, nkakipiga spree nyeusi ili nianze vizuri, wallahi kikaanza kulia chiiii na kuzama mbele ya macho yangu kama sukari kwenye chai. Ile thina iliyomo inayeyusha stairofomu. Ikifunikwa kwanza vizuri kwa jasi au gundi na rangi ya maji, sawa, lakini kama umeshaifunika kwa rangi ya maji spree ya nini tena? Na vanishi za spree zisizong'aa, wakati wa masika hewa imejaa maji, zinaganda nyeupe kama ukungu juu ya kazi, kwa hiyo nunua vanishi ya brashi.

Rangi ya mafuta ya milango na mageti ndo ya mwisho. Inang'aa, inanuka thina nyumba nzima, haikauki mpaka kesho. Iwache dukani.

Nje ya orodha kuna ya bure, udongo wenyewe. Uchekeche kwa chujio la chai, ukaange kwenye sufuria kuukuu wadudu wafe, umwagie juu ya gundi nyeupe. Ukilowa gundi unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa na hauregei vizuri, kwa hiyo mwisho upitishie brashi kavu ya rangi ile ile uliyochanganya. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji ya mfereji mara tatu nne kabla, la si hivyo baada ya muda chumvi inatoka juu kama unga. Na majani makavu ya chini mie natumia makumbi ya nazi, nyuzi zake zikikatwa ndogo ndogo na kupakwa njano na kijani ni nyasi kabisa.

Brashi nunua moja nzuri nyembamba, na za kupigia kavu ziwe zile ulizokwisha kuziharibu.

Yule kijana nkampeleka kwa fundi rangi nyuma ya msikiti, karudi na chupa ya jemu imejaa nyeupe, oksaidi nkampa yangu. Kilima kakimaliza Ijumaa baada ya sala, mpaka sehemu aliyokuwa keshaipaka kairudia. Vichupa vya shangazi vilivyobaki kavitumia kwa wachumaji karafuu watatu na punda mmoja, na punda mwenyewe kwato tu ndo zilikula kichupa, mwili wote kampaka kijivu cha uwanda kilichobakia kwenye kisahani changu.