Kwa mama wa maua ya vitunguu Tabora: nendeni kabla mvua haijaanza

Wengi mmeniuliza yale maua mekundu ya duara yaliyotoka uani kwangu mwezi wa kumi na moja nimeyapata wapi, sasa naandika hapa mara moja wote msome. Ni kwa mama mmoja ana kitalu nyuma ya nyumba yake huku Isevya, hana bango wala jina la biashara, we ukifika uliza tu mama wa maua, bodaboda wanapajua. Jibu langu ni kwamba pale ni pazuri sana na hela yako haipotei, ila nenda mwezi wa nane au wa tisa, wakati kitaluni hamna ua hata moja limechanua.

Najua mtu atashangaa, naenda kununua maua wakati hamna maua? Ndo hivyo. Huyu mama anauza maua ya vitunguu, yaani yanayoota kutoka kitunguu kilichoko chini ya udongo (sio vitunguu vya kupikia), yale ambayo kiangazi chote yamelala chini, majani yamekauka yameisha, unaweza ukapita juu yake ukaona ni mchanga mtupu, alafu mvua za kwanza zikidondoka tu yanatoka, mengine ua linatangulia kabla hata ya jani. Kitunguu kikilala ndo muda wake wa kuhama. Wauzaji wengi wa barabarani wanakuuzia likiwa limeshachanua kwenye kiriba, linapendeza kweli, unafika nalo nyumbani unalihamisha mizizi inakatika, ua linanyauka na mwaka unaofuata unaambulia majani tu. Mama huyu hang'oi kitu kilichoamka. Nilikuwepo dada mmoja amekuja na hela mkononi anataka lile lile lililochanua pembeni ya ukuta, akamwambia "mwanangu hili limeshaamka, liache limalize, njoo likilala nikupe na mtoto wake." Mfanyabiashara wa namna hiyo mi namheshimu.

Ukifika unamwamkia, mwangaluka mayo, anafurahi, anakuvutia kigoda chini ya mwembe. Vitunguu vyake viko kwenye ungo, kila aina na ungo wake, vimekaushwa kivulini havijaoshwa. Hakupimii akakufungia tu, anakuwekea kimoja kimoja mkononi anakwambia bonyeza hapa chini kwenye kitako, pale mizizi inapotokea. Pakiwa pagumu ni kizima, pakibonyea hata kidogo anakirusha kule kwenye takataka na hata hajadili. Alafu anakigeuza anakuonyesha ubavuni kama kimeanza kutoa mtoto. Vya kwangu kimoja kilikuwa na kijitoto kimebanana kwenye ganda la kahawia, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akanikataza kukibandua, eti kikiwa tayari kinaachia chenyewe bila kulazimishwa.

Aina anazo nne nilizoziona. Yale mekundu ya duara (jina la kitaalamu Scadoxus multiflorus) ndo namba moja kwangu, kichwa kimoja kinaweza kubeba vijiua mpaka 200 na likijaa vizuri linajaza viganja viwili. Na hili sio la kuletwa, ni la Afrika hii hii kusini mwa Sahara, linaota lenyewe maporini, ila yeye haendi kuchimba porini, na nilimuuliza kabisa. Anayo pia Crinum, yale marefu meupe yenye mstari wa pinki, kitunguu chake ni kikubwa na shingo ndefu. Anayo amarilisi, asili yake Amerika Kusini lakini kwenye nyua zetu yamekaa zamani mpaka watu wanajua ni ya hapa. Na vile vidogo vya pinki vinavyochomoza siku chache baada ya kila mvua kubwa, hivyo ni rahisi na vinazaana balaa.

Kilichonifanya niandike yote haya ni kwamba kila kitunguu kina kwao. Atakwambia hiki kimetoka kwa bibi fulani wa mtaa wa Ng'ambo hapa hapa mjini aliyekipanda toka kijana, hiki nyumba za reli, hiki mwenye nyumba alitaka kumwaga zege uani nikakimbilia na jembe. Ameandika kwenye kaunta buku, jina la ua, limetoka kwa nani, limeenda kwa nani. Na ukinunua kuna makubaliano, chako kikizaa unamrudishia watoto wawili, ye anakupa aina nyingine bure. Kwaiyo hata kwake ua likifa kwa mchwa bado lipo kwako, lipo kwa jirani, halipotei mjini. Hili watu wanalichukulia poa lakini maua ya hivi yameishi kwa kugawana. Kuna moja linaitwa Lycoris radiata, Japani linachanua mwezi wa tisa pembeni ya majaruba ya mpunga na makaburini, lile lililoenea Japani halitoi mbegu kabisa, yaani kila moja unaloliona kuna mtu alichimba akagawa. Kule Texas Marekani nako kuna jekundu dogo asili yake Argentina na Uruguay, linachanua mwisho wa joto mvua zikigusa, walowezi wa Kijerumani walilisambaza karne ya 19 na mpaka leo linaonekana kwenye viwanja ambavyo nyumba ilishaanguka zamani.

Maelekezo yake ni ya bure na ni ya kweli, nimeyafata na yamefanya kazi. Mchanga wetu wa Tabora unafaa kwa sababu maji hayatuami, unaongeza samadi iliyooza vizuri, sio mbichi. Ile nyekundu ya duara weka kivulini chini ya mti, shingo yake ifike usawa wa udongo usiifukie. Amarilisi theluthi moja ya kitunguu ibaki nje. Kiangazi usimwagilie, na hapa ndo wengi tunaviua maana tumezoea kumwagia uwanja mzima maji jioni kutuliza vumbi, kitunguu kilicholala kikipata maji kila siku kinaoza. Mbegu za ile nyekundu zikiiva unatoa ile nyama ya nje unaosha unaziweka juu ya udongo zikiwa mbichi, ila uwe na subira, ua unaweza kulingoja miaka mitatu minne. Na mkiona viwavi vyeusi vyenye alama za njano kwenye Crinum vitoeni kwa mkono siku hiyo hiyo, wakishaingia kwenye shingo wanashuka mpaka kitunguuni.

Ila kuna kitu anatakiwa akiseme kwa kila mteja, mi nilikisikia kwa sababu niliuliza. Haya maua yana sumu. Ile nyekundu wazee sehemu mbalimbali za Afrika waliitumia kwenye sumu ya mishale na kuvulia samaki, mbuzi akila anaweza kufa, na vile vitunguu mtoto anaweza akafikiri ni vya kupikia. Tafadhali mama asikuache uondoke bila hilo, na ukifika nyumbani usiviweke jikoni hata kwa dakika moja.

Lingine ni usafirishaji. Rafiki yangu yuko Kigoma alitumiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vimefika vimeota ukungu na viwili vimelainika. Mama alimrudishia vingine bila maneno, lakini vya kusafiri vifungwe kwenye gazeti au gunia vipumue, nilimwambia na amekubali. Pia haweki lebo, ukichukua aina tatu uandike mwenyewe maana vitunguu vikikauka vinafanana.

Bei mimi nilichukua nyekundu elfu tatu kimoja, Crinum kubwa elfu tano, vile vidogo vya pinki vitano kwa elfu moja. Ukiwa huna hela ya kutosha na una ua la zamani nyumbani kwenu beba mtoto wake mbadilishane, mi naona hilo analipenda kuliko hela. Asubuhi yupo, mchana anaenda sokoni, Ijumaa usijisumbue.

Kama ndo unaanza chukua vile vya pinki kwanza, haviwezi kukukatisha tamaa. Na kwangu Crinum imezaa, watoto wake wa mama nimeshapeleka, wamebaki wawili, mtu wa Tabora mjini mwenye kivuli kidogo na uzio wa kuzuia mbuzi aseme hapa, aje na mfuko wa karatasi.